Aliyemfuga Reijo

Asubuhi ya kwanza baada ya mabanda kubaki matupu, Reijo Kangasvieri alivua soksi alizolala nazo akakuta nyayo zake zimechorwa miraba. Ilikuwa miraba midogo, myekundu, kama ya mtu aliyekesha amesimama juu ya wavu wa waya. Akaisugua kwa kiganja, akazilaumu soksi, akaenda kuchemsha kahawa.

Soksi! Ndivyo tulivyo sisi watu wa Pohjanmaa. Nyumba ikishika moto tutasema labda kuni zimezidi kidogo jikoni.

Mabanda hayo yalikuwa ya mbweha. Reijo aliwafuga kwa ajili ya manyoya yao, yale yanayoshonewa makoti, kama alivyofanya baba yake na kama inavyofanya nusu ya kijiji chetu cha Lamminperä. Mbweha wake walizaliwa katika vizimba vya waya vilivyoinuliwa juu ya ardhi, kila mmoja akakulia peke yake akimwona jirani bila kumgusa, wakala uji mzito wa samaki na matumbo, na baridi ilipokomaza manyoya waliuawa kwa umeme, miguu yao haijawahi kukanyaga udongo. Ngozi hizo ndizo zilizomlea binti yake wa pekee, Sirkku. Alipokua, binti akazikana.

"Baba, sikai tena mezani kwako mpaka vizimba viwe vitupu," alimwambia mara tu baada ya kumzika mama yake, mke wa Reijo.

"Mbweha wangu wanakosa nini? Wanakula kwa wakati, maji wanayo, hawanyeshewi. Niwape nini tena, televisheni?"

"Wewe ungeweza kuishi hivyo?"

Reijo alicheka. Sirkku hakucheka. Alikwenda kuishi mji mkuu, Helsinki, na simu zake zikapungua mpaka zikakoma.

Nyumba bila mtu ni jambo baya popote, lakini Novemba ya kwetu, jua linapochungulia mchana na kuondoka kabla hujamaliza kazi, ni adhabu. Reijo alikuwa akila kwa kusimama, mgongo umeegemea friji, kwa sababu kuviona viti vingine kulimuuma. Akavumilia miaka. Mwaka huu alishindwa. Msimu wa kuchuna ulipofika hakubakiza hata mbegu. Aliwamaliza wote, madume na majike wazazi, akafagia mabanda, akampigia binti yake.

"Vizimba vitupu, mwanangu. Sifugi tena. Njoo Krismasi."

Sirkku akalia. "Nitakuja, baba."

Hakuna mtu Pohjanmaa nzima aliyekuwa na furaha kama yake siku ile. Na ndiyo usiku wake nyayo zilipochorwa.

Kesho yake alikuta sahani mezani. Ndani yake mlikuwa na uji wa samaki, vuguvugu, umesawazishwa vizuri kwa mgongo wa mwiko. Alidhani ameletewa na jirani, na njaa ilikuwa inamuuma, akala. Baadaye tu, alipokuwa akisuuza sahani, alikumbuka kwamba theluji ya uwanjani haikuwa na nyayo za mtu yeyote.

Sahani ikaja tena, na tena, kila mara kwa saa ileile aliyozoea yeye kulisha. Harufu ya jiko la chakula cha mbweha, ile inayoingia kwenye nywele ukaoga nayo mpaka ukaizoea, ikajaa chumbani mwake. Sakafu ya mbao ilianza kubonyea chini ya miguu yake kama waya uliolegea. Alipotaka kwenda dukani alifika getini, akaona haja imemwishia, akarudi. Akajaribu tena, akarudi. Na jioni moja, akiwa amekaa kwenye kiti chake akisikiliza redio, alihisi pumzi nyuma ya shingo, pumzi nyembamba iliyopulizwa polepole kwa ufundi, ikazitenga nywele zake mpaka ngozi ikaonekana, ikasogea kidogo, ikapuliza tena, na Reijo akaganda pale bila kuthubutu hata kumeza mate, kwa sababu aliijua pumzi ile, ilikuwa yake mwenyewe, ndivyo alivyokuwa akiwapuliza mbweha kila Novemba, kizimba baada ya kizimba, kuangalia kama manyoya yameiva.

Siku ambayo Sirkku alitarajiwa, Reijo alimwita Hilja, bibi wa kuumika chuku, anayetoa damu chafu kwa pembe, ambaye kwetu ndiye anayeitwa pale daktari anaposhindwa na mchungaji anapoona aibu. Hilja alikuja mchana, giza likianza kuingia. Kabla hajagonga mlango alisimama muda mrefu akitazama theluji. Kando ya uzio kulikuwa na njia iliyokanyagwa mpaka ikawa barafu, kutoka kona moja hadi nyingine.

"Ni nani anazunguka hapa?"

"Sijui, Mama Hilja."

"Tazama viatu vyako, wewe."

Reijo akavitazama. Vilikuwa na theluji mbichi.

Walikwenda sauna. Hilja alimwagia mawe maji, mvuke ukapanda, akambandika zile pembe zake ndogo za ng'ombe mgongoni, kisha akachanja kwa wembe. Chale ikajifumba. Akachanja tena pembeni. Ngozi ikajifunga mbele ya macho yake, nyeupe, safi, bila tone la damu. Bibi akaziweka pembe chini moja moja.

"Hataki utobolewe," alinong'ona.

"Nani?"

"Mfugaji gani anakubali ngozi itobolewe?"

Reijo akageuka kumtazama.

"Nisikilize, na usipaze sauti," alisema Hilja. "Marehemu mama yako, Saimi, mlipobomoa zizi la ng'ombe mkajenga mabanda, alichota majivu ya jiko la zizini akayamwaga kwenye jiko la mbweha. Nilikuwepo. Alikuwa anamhamisha Mwenye Zizi."

Kila zizi la kwetu lina jini wake, huyo Mwenye Zizi, anayeangalia mifugo watu wakilala. Wazee walimwachia mvuke wa mwisho wa sauna na maziwa ya kwanza. Na anayefunga zizi humwachia mnyama mmoja, hata awe mzee, hata kipofu, ili asikose wa kumtunza.

"Wewe ulimwachia nani?"

"Hakuna." Reijo alifunika uso. "Nilitaka Sirkku akute pasafi."

"Basi amekuchukua wewe. Na si mwovu, ndiyo ubaya wenyewe. Anajua kazi moja, na jinsi ya kuifanya amejifunza kwako."

Hilja alichota majivu kwenye jiko la mbweha, akayabeba kwa kibao mpaka barabarani akimwita jini kwa majina ya zamani, akamsihi amfuate. Kutoka ndani ya nyumba, ambamo hamkuwa na mtu, wakasikia mwiko ukikwangua sufuria, taratibu, kama wa mtu asiye na haraka. Bibi akayamwaga majivu akarudi amenywea.

"Amegoma. Haachi mfugo. Mimi sijala kitu hapa, nitatoka salama. Lakini aliyekula chakula chake ni wake. Binti yako asile."

"Yuko njiani! Nimwambie nini?"

"Ukimwambia kweli atabaki akuokoe. Yule alimwacha baba kwa ajili ya mbweha. Unadhani atakuacha kizimbani?"

Hilja alimshika mkono kwa nguvu, akaondoka.

Taa za gari ziligeuka uwanjani muda mfupi baadaye. Sirkku aliingia na theluji kwenye kofia, akamkumbatia baba yake, na Reijo akausikia uzito wa kichwa chake begani, kile kichwa alichokibeba tangu kikiwa kidogo kama ngumi. Alitamani afe pale pale.

"Baba, umepika! Lini umejifunza?"

Mezani kulikuwa na sahani mbili. Sirkku akavuta kiti, akakaa, akavua kofia. Reijo alikuwa amesimama nyuma yake. Hakukuwa na upepo, mlango ulikuwa umefungwa, lakini nywele za kisogoni mwa binti yake zilitengana zenyewe, polepole, mstari mweupe ukaonekana, ukasogea.

Sirkku akachukua kijiko.

"Inuka," alisema Reijo.

"Eeh?"

"Nimeagiza wengine. Majike wa mbegu. Wanaletwa Januari."

Kijiko kikasimama hewani. "Wengine? Uliniambia umeacha."

"Nilisema ili uje. Mnyama ni mnyama, Sirkku. Manyoya yana soko, mimi nifanye nini, nisuke vikapu?"

"Nimeendesha gari siku nzima." Sauti yake ilipasuka. "Niliwaambia watu wote. Nilisema baba yangu amebadilika."

"Uliwadanganya, basi."

Alimtazama kana kwamba anamtafuta mtu mwingine nyuma ya uso ule, na Reijo akaukaza uso mpaka taya zikauma. Sirkku akatupa kijiko. Hakuonja hata kidogo. Alichukua kofia, akatoka, na mlango ukafungwa kwa kishindo.

Reijo alijaribu kumfuata. Miguu ikamfikisha kizingitini, ikamrudisha. Akaenda dirishani, akaweka viganja kwenye kioo. Binti yake alikuwa akikwangua theluji kwenye gari huku analia, akipangusa macho kwa mkono wa koti. Kwa miaka yote ile Reijo alikuwa akimwomba Mungu amrudishie mtoto wake. Sasa, nyuma yake kiti kikivutwa na sahani mpya ikitua mezani, alikuwa akiomba kwa nguvu zake zote Sirkku asigeuke kumtazama, kwa sababu angegeuka tu, yeye angemwita.

Sirkku akaingia kwenye gari. Hakugeuka.