Gakii na Bastola Yenye Dikoka

Gakii huuliza maswali hadi watu wachoke. Anatunza wazee majumbani huko Edmonton, kaskazini mwa London. Akimpa mzee dawa, anataka kujua dawa hiyo inafanya nini tumboni. Mumewe, Zephaniah, humtania kwamba hata chai huihoji kabla ya kuinywa.

Lakini Jumamosi hiyo mchana aliingia nyumbani bila swali lolote. Aliweka mkoba wake mweusi, wenye kufuli, juu ya kabati. Akaketi. Chapati zilikuwa mezani, naye hakuzigusa.

"Mashindano yameisha mapema hivi?" Zephaniah aliuliza.

"Kwangu yameisha. Wamenitoa."

Gakii alikuwa mwanachama mpya wa klabu ya shabaha. Katika mchezo huo mtu hukimbia, husimama na kupiga vibao vya shabaha, huku saa ikimhesabu. Klabu yao haitumii risasi za kweli, kwa sababu sheria za nchi ni kali. Hutumia bastola za gesi zinazorusha vipira vidogo vya plastiki. Usiudharau mchezo huo. Kipira kimoja kinaweza kupofua jicho. Kwa hiyo kabla ya kukimbia, mchezaji hutia magazini, yaani kikasha cha vipira, huikoki bastola, kisha huishusha nyundo yake ili isifyatuke ovyo.

"Kwani ulifanya nini?"

"Vile ulinifundisha. Nilijaza, nikakoki. Nikashika nyundo kwa kidole gumba, nikabonyeza kifyatulio, nikaanza kuishusha polepole. Kidole kikateleza, bastola ikafyatuka. Kipira kiligonga sakafu karibu na kiatu cha mwamuzi."

Zephaniah alikuwa askari Isiolo, Kenya, miaka tisa, na hivyo ndivyo alivyokuwa akiishusha ile nyundo ndogo ya nyuma ya bastola. Hakuwahi kukosea. Sasa aliona haya, na pia alikasirika kidogo.

"Jumamosi ijayo nitapimwa upya," Gakii alisema. "Nikikosea tena, jina langu linafutwa. Baba Dinah, hapa London hiki tu ndicho changu. Vingine vyote ni kazi."

Kesho yake, baada ya kanisa, Gakii alibisha mlango wa jirani. Jirani huyo, Mzee Tarsem, alizaliwa Kisumu, na Kiswahili chake hakijawahi kumtoka. Alikuwa mwamuzi wa mchezo huo miaka kumi na miwili, hadi goti lake lilipogoma.

"Mama Dinah, leta hiyo bastola," alisema. "Magazini na vipira viache nyumbani."

Gakii aliileta. Zephaniah alimfuata, mikono kifuani. Mzee Tarsem alihakikisha kwamba bastola ni tupu. Akaelekeza mtutu ukutani, mahali pasipo na mtu. Kisha akagusa kijichuma kidogo kilichokuwa ubavuni mwa bastola.

"Hii ni nini?"

"Nilidhani ni ya kufungulia wakati wa kusafisha," Gakii alisema.

"Inaitwa dikoka. Kazi yake ni kushusha nyundo. Tazama kidole changu."

Alikoki, nyundo ikarudi nyuma. Kidole chake cha shahada kilinyooka juu ya kifyatulio, bila kukigusa. Kwa kidole gumba alibonyeza dikoka. Nyundo ikaanguka. Tak.

Gakii alisogea karibu. "Imeanguka kwa nguvu. Mbona haifyatui?"

"Ndani kuna chuma kinachoizuia isigonge. Lakini chuma pia huharibika. Kwa hiyo mtutu uelekee upande wa shabaha kila wakati. Na sheria ya mchezo ni hii: bastola ikiwa na dikoka, tumia dikoka peke yake."

"Mimi nilishusha kwa mkono miaka tisa, Mzee," Zephaniah alisema.

"Bastola yako ilikuwa na dikoka?"

"Hapana."

"Basi kwa ile, sawa. Hii inayo. Mbona mkeo ahangaike na kifyatulio?"

Zephaniah alishusha mikono yake. Mzee Tarsem aliendelea.

"Sasa sikia ya mwisho. Ukimaliza kupiga, unatoa magazini, unamwonyesha mwamuzi kwamba ndani ni tupu. Atakuambia ushushe nyundo. Hapo usiguse dikoka. Elekeza kwenye shabaha, bonyeza kifyatulio."

"Ngoja kwanza," Gakii alisema. "Mwanzoni nisibonyeze, mwishoni nibonyeze? Kwa nini?"

"Wewe niambie."

Gakii alihesabu hatua kwa vidole.

"Mwanzoni imejaa, na sitaki ifyatuke," alisema. "Mwishoni tunasema ni tupu. Nikibonyeza, bastola yenyewe inatuhakikishia. Kama mimi na mwamuzi tumekosea, itafyatukia kwenye shabaha. Haitasubiri hadi niirudishe kwenye mkoba wa kiunoni."

"Umepata jibu," Mzee Tarsem alisema, akitabasamu. "Chai iko jikoni."

Wiki nzima, kila asubuhi kabla ya kazi, Gakii alifanya mazoezi bila magazini. Zephaniah alikuwa mwamuzi. Kila mara alikagua kwanza kama bastola ni tupu. Kisha alisema, "Kidole nje," yaani kisiguse kifyatulio.

Jumamosi ilifika. Mwamuzi alikuwa Minal, yule yule wa kiatu. Wote walivaa miwani ya kulinda macho. Zephaniah alisimama nyuma ya kamba. Hakuruhusiwa kusema neno.

Gakii alijaza na kukoki. Kidole gumba kikaenda chenyewe kwenye nyundo. Zephaniah alikiona, akauma mdomo.

Kidole kikasimama, kikashuka hadi kwenye dikoka. Cha shahada kilikuwa kimenyooka. Tak. Hakuna kilichofyatuka.

Gakii alikimbia, akapiga vibao sita kati ya vinane. Mwishoni alitoa magazini, akaonyesha ndani, akaelekeza kwenye shabaha na kubonyeza kifyatulio. Tak. Ilikuwa tupu kweli. Akairudisha kwenye mkoba wa kiunoni.

"Umepita," Minal alisema. "Na kiatu changu kinashukuru."

Gakii alicheka hadi machozi yakamtoka. Zephaniah alivuka kamba, akamwendea Minal.

"Una fomu nyingine ya wanachama wapya?"

"Umewahi kushika bastola?"

"Miaka tisa," Zephaniah alisema. "Lakini yenye dikoka, bado. Nani atanifundisha?"

Gakii alifuta macho.

"Mimi," alisema. "Kidole nje, Baba Dinah."