Tiketi ya Kiberiti Ndani ya Begi la Mjukuu Wangu

"Muuza mechi! Mtoeni huyo muuza mechi!"

Kelele hizo zilikuwa mlangoni kwangu, ndugu msomaji. Mlangoni kwangu mimi!

Nikafungua.

Mjukuu wangu alikuwa amebanwa ukutani, jezi imechanika begani, tope la uwanjani bado liko magotini. Vijana wamemzunguka. Mbele yao alisimama nahodha wa timu yake mwenyewe, ameinua juu kikaratasi cheupe.

"Shikamoo babu!" alisema huku akihema. "Samahani kwa fujo. Lakini soma mwenyewe!"

"Marahaba. Ni nini hiki?"

"Tiketi ya kubeti! Tumeikuta kwenye begi lake! Kaweka pesa kwamba Kiberiti ndiye atakayefunga goli la kwanza... Kiberiti, babu! Mshambuliaji wa wapinzani! Halafu kajifunga mwenyewe. Moja bila. Fainali imekwenda, kombe limekwenda!"

Nilivaa miwani. Nikasoma. Maandishi yalikuwa yanasema vile vile alivyosema.

Kwa wale msionifahamu, nilistaafu nikiwa mkaguzi wa mizani. Kazi yangu ilikuwa kuingia dukani bila taarifa, kuweka jiwe langu la kilo juu ya mizani ya muuzaji, na kuona kama mshale unasema kweli. Wauza nyama walikuwa wakiniona kwa mbali wanafuta jasho. Mtaani waliniita Ratili, kile kipimo cha uzito cha zamani, na jina hilo sikulikataa.

Nyumbani kwangu palikuwa na amri moja iliyojulikana na kila mtu: anayecheza kamari hatalala chini ya paa langu.

Sasa huyu kijana, niliyemlea tangu akiwa wa kubebwa mgongoni... huyu beki ambaye uwanja mzima unamwita Komeo kwa sababu mshambuliaji akifika kwake hapiti... ndiye aliyesimama mbele yangu na tiketi ya kamari!

"Ni yako?"

Alijifuta tope magotini.

"Nimekuuliza. Tiketi hii ni yako?"

Alitazama juu ya bega langu, kuelekea ndani. Kisha akainamisha kichwa.

"Babu... siwezi kusema."

"Huwezi au hutaki?"

"Siwezi."

Nyuma yangu mke wangu alisogea. "Mume wangu, hebu subiri kidogo, kuna jambo..."

"Wewe nyamaza! Amri ya nyumba hii unaijua!"

Nikamwelekea kijana. "Toka."

"Babu..."

"Toka nyumbani kwangu!"

Hakubishana. Aliokota begi lake, akapita katikati ya watu waliokuwa wanamzomea. Mmoja akampiga kikumbo. Hakugeuka.

Nahodha akaniambia kwa sauti ya chini, kama mtu anayetoa pole: "Kesho saa kumi kamati inakaa, babu. Akikutwa na hatia anafungiwa maisha."

Maisha! Na mpira ndio kitu pekee alichokipenda tangu hajajua kufunga kamba za viatu.

Nilifunga mlango. Nilijiona mtu mwadilifu kuliko wote mtaani.

Lakini usingizi ulinikataa, ndugu zangu.

Asubuhi mke wangu aliniwekea chai. Nilivuta kopo la sukari, nikakumbuka kitu. Jana yake, asubuhi ya fainali, nilipolishika kopo hilo hilo, mjukuu wangu alilinyakua mkononi mwangu.

"Kaa tu babu, leo chai yako natengeneza mimi."

Siku hiyo niliona ni mapenzi. Sasa nikajiambia: kumbe alikuwa ananilainisha!

Nikakoroga chai. Sikuinywa. Nikasimama, nikakaa. Nikaenda dirishani. Nikarudi.

"Utatoboa sakafu," mke wangu alisema.

"Amelala wapi?"

"Kwa rafiki yake fundi, gereji. Juu ya viti vya gari."

Nilikuwa narudia lile goli kichwani. Nilikuwepo uwanjani, niliona kwa macho yangu. Krosi ilitoka upande wa kulia, ikampita kipa wetu. Kiberiti alikuwa peke yake mbele ya goli tupu, mguu umeshainuka. Ndipo mjukuu wangu alipojirusha kwa kuteleza, akauwahi mpira, ukamgonga ugoko... ukaingia wavuni.

Alibaki amelala kifudifudi, amezika uso kwenye nyasi.

Kuna kitu hakikukaa sawa. Ni kama zamani dukani, pale mshale wa mizani unapotetemeka na hautaki kutulia. Mtu aliyeuza mechi anajirusha vile kwa sababu gani?

Nikavaa koti. Nikafunga tai.

"Unakwenda wapi?" mke wangu akauliza, uso umembadilika.

"Kwenye duka la kubeti."

Kikombe kilimponyoka. Nilidhani ni mshangao tu...

Nilikuwa sijawahi kukanyaga mahali pale maishani mwangu. Ndani palikuwa na televisheni ukutani, vijana wenye macho mekundu, na sakafu iliyojaa vikaratasi vilivyochanwa. Wote waligeuka kuitazama tai yangu.

"Jamani, watu wa kodi wameingia!" mmoja akanong'ona.

Nyuma ya kioo cha dirisha alikaa binti anayetafuna ubani.

"Shikamoo babu. Unaweka ngapi?"

"Marahaba. Siweki. Nimekuja kuuliza."

"Babu, huku watu hawaulizi. Wanaweka, wakiliwa pesa ndio wanauliza."

Vijana wakacheka. Sikucheka.

"Mwanangu, nifafanulie. Mtu akisema mchezaji fulani atafunga goli la kwanza, anashinda lini?"

Binti akaona sitanii. Akaacha kutafuna.

"Huyo mchezaji wake awe wa kwanza kufunga kwenye mechi. Akifunga la pili au la tatu, haisaidii. Mkeka umechanika, yaani tiketi imekufa."

"Na asipocheza kabisa?"

"Hapa kwetu unarudishiwa pesa yako."

"Na beki wa upande wa pili akijifunga? Goli si linahesabiwa la kwao?"

"Kwenye matokeo, ndiyo. Kwenye hii beti, hapana. Kujifunga tunakuruka kama hakukutokea, tunamsubiri mfungaji anayefuata. Kama hakuna anayefuata mpaka filimbi ya mwisho, aliyemchagua mchezaji yeyote kaliwa."

Nikahisi shingo inapata joto ndani ya tai.

"Mechi ya jana ya fainali... aliyemweka Kiberiti?"

"Kaliwa, babu. Wote waliomweka Kiberiti wameliwa. Wanamlaani yule beki mpaka sasa! Wanasema angesimama tu, Kiberiti alikuwa anamalizia kwa kisigino."

Angesimama tu...

"Rudia, mwanangu."

"Angesimama tu, babu. Wangelipwa."

Nilishika ukingo wa dirisha. Kijana mmoja akanisogezea kiti, akamwambia mwenzake: "Mzee kachanikiwa mkeka huyu, mpe maji."

Msomaji wangu, unaona nilichokiona? Kama mjukuu wangu alikuwa anaitumikia ile tiketi, alitakiwa kufanya jambo jepesi kuliko yote: kutofanya chochote! Badala yake alijirusha kumzuia yule yule ambaye goli lake lingeilipa.

Saa kumi nilikuwa kwenye ofisi ya klabu. Ni chumba kimoja kilichojaa nyavu na koni za mazoezi. Mwenyekiti alikuwa mezani, kamati kandokando, nahodha amesimama amekunja mikono. Mjukuu wangu alikaa kwenye mpira uliopungua upepo, amevaa zile nguo za jana.

Aliponiona akasimama kwa heshima. Sikuweza kumtazama machoni.

"Mzee Ratili," mwenyekiti akasema, "hiki ni kikao cha klabu."

"Najua. Naomba dakika chache tu."

Nahodha akaguna. "Babu anakuja kutetea damu yake."

"Kijana, jana mbele yako niliifukuza damu yangu. Leo nimekuja kupima."

Nikachukua kizibo cha chupa mezani. "Huu ni mpira." Nikachukua kalamu. "Huyu ni Kiberiti." Kifutio kikawa mjukuu wangu. "Mpira unatoka huku. Kipa ameshapitwa. Nikikiondoa kifutio hiki, kinatokea nini?"

"Kiberiti anafunga," alisema mjumbe mmoja.

"Na tiketi?"

Wakatazamana.

"Tiketi inashinda," mwenyekiti akasema polepole.

"Nikikirudisha, kikajirusha, mpira ukakigonga na kuingia?"

"Si goli tu hilo hilo!" nahodha akapaza sauti.

"Hapana! Nimefika dukani kwao leo. Goli la kujifunga halihesabiwi kwenye beti hiyo. Tiketi imekufa. Huyu mnayemwita muuza mechi ndiye aliyeiua, kwa ugoko wake mwenyewe!"

Koni moja ilianguka, hakuna aliyeiokota.

"Sasa mimi nina swali," nikasema. "Nani alipewa kazi ya kumkaba Kiberiti?"

Nahodha alitazama viatu vyake.

"Nilimpoteza," akasema. Sauti ilikuwa imekwisha. "Kwenye krosi... nilimpoteza. Komeo alikuja kufukia shimo langu."

Nilidhani tumemaliza. Ndipo mwenyekiti akakohoa.

"Kuuza mechi, tumemfutia. Lakini tiketi ilikuwa begini mwake, na mchezaji wetu haruhusiwi kubeti. Kijana, kwa mara ya mwisho. Ni ya nani?"

Mjukuu wangu akanitazama.

"Siwezi kusema, mwenyekiti."

"Basi nitakufungia!"

"Nifungie tu."

"Usimfungie!"

Sauti ilitoka mlangoni. Nikageuka...

Mke wangu!

Mke wangu, katika nguo yake nzuri ya kwenda ugenini, mkoba kwapani, amesimama kati ya nyavu na mipira.

"Tiketi ni yangu," akasema. "Mimi ndiye niliyemweka Kiberiti."

Ndugu zangu, niliona dunia inageuka. Nikakalia koni.

"Bibi, usingesema!" mjukuu wangu akalia. "Nilishakwambia usiseme!"

"Nisiseme mpaka lini? Mpaka uzeekee gereji?"

Mwenyekiti alikuwa ameduwaa. "Bibi... wewe unabeti? Tena dhidi ya mjukuu wako?"

"Dhidi yake wapi! Sikiliza, mwanangu. Kiberiti akifunga, mjukuu wangu analia, lakini mimi nina pesa ya kumnunulia viatu vipya vya kumpoza. Kiberiti asipofunga, mjukuu wangu ameshinda, na pesa ipotee zake. Kwa vyovyote nyumbani kwetu kungekuwa na kicheko." Akafuta macho kwa ncha ya kitambaa. "Kujifunga ndiko sikukupigia hesabu."

Kuna mjumbe aliyejaribu kuzuia kicheko, akashindwa.

"Na begini ilifikaje?" nikauliza. Hata sauti yangu sikuitambua.

Mjukuu wangu ndiye aliyejibu. "Bibi aliificha kwenye kopo la sukari, babu. Wewe ukawa unalifungua. Nikaiwahi."

Kopo la sukari... *Kaa tu babu, leo chai yako natengeneza mimi.*

Hakuwa ananilainisha. Alikuwa anamwokoa bibi yake kutoka kwangu.

Kamati ilimwachia pale pale. Nahodha alimkumbatia, akamwomba radhi mbele ya wote, na kesho yake alizunguka nyumba kwa nyumba kuwaambia wale waliozomea. Kwa hilo namheshimu.

Lakini kesi yangu ilikuwa bado. Tulitembea kurudi nyumbani watu watatu. Amri ilikuwa moja. Anayecheza kamari hatalala chini ya paa langu.

Tulipofika, mke wangu aliingia chumbani, akatoka na sanduku. Akaliweka mlangoni, mahali pale pale aliposimama mjukuu wangu jana.

"Hili hapa, mume wangu. Sitaki useme unapendelea."

Nilisimama. Niliitazama amri yangu ikiwa na uso wa mwanamke aliyenipikia, kunizalia na kunivumilia tangu nywele zangu zikiwa nyeusi.

Nikainama. Nikalishika sanduku, nikaligeuza kulirudisha ndani.

Lilikuwa jepesi. Nikalitikisa... tupu!

"Hukuweka hata khanga?"

"Khanga za nini? Sikuwa nakwenda popote."

"Ulijuaje kwamba sitakufukuza?"

"Sikujua." Akatazama pembeni. "Nilibeti."

Mjukuu wangu alipasuka kicheko, na mimi, Ratili, mtu ambaye wauza nyama walimkimbia, nikacheka mpaka miwani ikaanguka.

Nawaandikia haya kwa simu ambayo mjukuu wangu huyo ndiye aliyenifundisha kuitumia. Kamari bado siipendi, na mke wangu ameniahidi kwamba ile ilikuwa ya mwisho. Niliona sura za wale vijana dukani na vikaratasi vile sakafuni. Yeyote anayenisoma akiwa na tiketi mfukoni, ajue kwamba yule binti wa dirishani alinieleza njia nyingi za kuliwa, na ya kushinda moja tu.

Ila kosa kubwa katika kisa hiki halikuwa la tiketi. Sikuwahi kumhukumu mchuuzi yeyote kabla ya kuweka jiwe langu juu ya mizani yake. Mjukuu wangu nilimhukumu kwa kelele za mlangoni. Mke wangu alipotaka kusema, nilimnyamazisha. Amri yangu kali haikuifukuza kamari nyumbani, iliifundisha tu kujificha kwenye sukari.

Kijana alinijibu wazi: "Siwezi kusema." Mimi, mtu wa kupima kila kitu, sikumuuliza ni nani anayemzuia.

Ningemuuliza, angelazimika kuninyooshea kidole mimi mwenyewe.