Kichwa Kidogo Nyuma ya Ukuta

Semeni aliishi Kwedilima, karibu na kiwanda cha saruji.
Kati ya nyumba yao na kiwanda palikuwa na ukuta. Ukuta mrefu, mrefu, mrefu.

Kila asubuhi, nyuma ya ukuta, kitu kilinguruma.
Duku-duku-duku. Piiii!

"Mama, ni nini kile?"
"Ni kichwa cha treni, mwanangu. Kinasukuma mabehewa ya saruji."

Semeni hakuwahi kukiona. Hata mara moja.
Kila siku alisimama mbele ya ukuta, akaita:

"Kichwa kidogo, uko wapi?
Jitokeze nikuone!"

Siku moja akaja Shangazi Mwanvita kutoka Morogoro. Shingoni alikuwa na kamera.
Shangazi hakupiga picha za harusi. Alipiga picha za vichwa vya treni, vile vidogo vya viwandani.

"Treni kubwa kila mtu anazijua," alisema Shangazi. "Hivi vidogo havisafiri. Vinasukuma, vinavuta, vinasukuma, vinavuta, mpaka vinazeeka. Hakuna anayevipiga picha."

"Masikini!" alisema Semeni. "Shangazi, twende tukakipige picha cha kwetu!"

Wakaenda getini.
"Shikamoo," Semeni alimwamkia mlinzi.
"Marahaba. Mnataka nini?"
"Tunataka kukiona kichwa cha treni."
"Haiwezekani. Kamera haziingii humu."

Geti likafungwa. Ngwaa!
Na ndani, kwa mbali: Duku-duku-duku. Piiii!

"Kichwa kidogo, uko wapi?
Jitokeze nikuone!"

Wakazunguka ukuta. Wakapata mahali palipobomoka kidogo juu.
Shangazi akambeba Semeni mabegani.

"Unaona nini?"
"Naona behewa. Behewa jingine. Na jingine. Yamekiziba, Shangazi! Naona moshi wake tu."

Moshi mdogo mweusi ulipanda juu, ukapotea.

"Kichwa kidogo, uko wapi?
Jitokeze nikuone!"

Wakaenda mpaka pale reli inapotokea nje ya ukuta.
Wakakaa kwenye majani. Wakangoja.

Mvua ikaja. Chwaa, chwaa, chwaa.
Shangazi akaificha kamera ndani ya khanga. Semeni akatetemeka. Wakangoja.

Duku-duku-duku, kilinguruma kule ndani.
Duku... duku...
Du.

Kimya.

"Kimelala?" aliuliza Semeni.
"Sijui, mwanangu," alisema Shangazi.
Wakarudi nyumbani wameloa.

Asubuhi Semeni aliamka, akasikiliza.
Alisikia jogoo. Alisikia Mama akifagia. Nyuma ya ukuta hakusikia kitu.

Alikimbia nje na Shangazi. Njiani palikuwa na mama mmoja akikaanga mihogo.

"Mama, kichwa cha treni kiko wapi leo?"
"Kile? Kilikufa jana, mwanangu. Injini imevunjika. Leo kinapelekwa kuyeyushwa."
"Kuyeyushwa ni nini?"
"Kinatiwa kwenye moto mkali, kinakuwa uji wa chuma. Halafu kinakuwa nondo za kujengea nyumba."

Semeni alikaa chini, palepale kwenye vumbi.
Akalia. Mama yule akampa muhogo wa moto. Semeni hakuula.

Shangazi akakaa kando yake. Akafunika jicho la kamera.
"Tumechelewa," alisema kwa sauti ndogo. "Mimi huchelewa mara nyingi, Semeni. Nasafiri mbali, nafika, nakuta reli tupu."

"Halafu unafanya nini?"
"Narudi nyumbani."

Semeni akalia tena. Safari hii hakuita. Angemwita nani?

Mara geti la kiwanda likafunguka. Ngwaa!
Likatoka lori refu, polepole. Juu yake palikuwa na kitu kikubwa kimefunikwa turubai. Kimefungwa kamba huku na huku.

Nyuma ya lori alitembea mzee mmoja aliyevaa ovaroli ya buluu. Kofia ameishika mkononi. Alitembea kama watu wanaotoka msibani.

Semeni akasimama. Akamkimbilia.
"Shikamoo, babu. Ndicho?"
"Marahaba, mjukuu wangu. Ndicho. Mimi ni Mzee Shekimweri, dereva wake."
"Nilikuwa nakiita kila siku," alisema Semeni. "Lakini sijakiona."
"Hujakiona? Hata mara moja?"
"Hata mara moja."

Mzee Shekimweri akamtazama. Akatazama turubai.
Kisha akapaza sauti: "Dereva! Simamisha lori! Kuna mtu hajaaga."

Lori likasimama. Tsssss!
Mzee akapanda juu. Akafungua kamba. Akavuta turubai kwa nguvu zake zote.
Pwaa!

Kilikuwa cha kijani.
Rangi imebanduka. Taa moja imevunjika. Mlango umefungwa kwa waya. Kilikuwa kidogo, kidogo kama kibanda cha jiko la uani.

"Ni kizuri," alinong'ona Semeni.
"Ni kizee," alisema Mzee.
"Ni kizee kizuri!"

Mzee Shekimweri akaifuta taa nzima kwa kofia yake. Akaweka mkono juu ya kichwa kile, kama mtu anayemshika rafiki bega.
"Usiondoke hapo, Mzee!" aliita Shangazi.
Kacha!

Dereva wa lori akapiga honi. Turubai likarudishwa, kamba zikafungwa.
Lori likaondoka. Likawa dogo. Likakata kona.

Mzee alibaki katikati ya barabara.
"Miaka yote ile tumefanya kazi pamoja," alisema, "na sina hata picha yake."
Akaondoka, kofia bado mkononi.

Siku ya pili Shangazi alikwenda mjini, akasafisha picha. Akarudi na picha moja kubwa inayong'aa.
"Hii ni yako, Semeni."

Semeni aliitazama. Aliitazama sana. Akaiweka kifuani. Akaiondoa, akaitazama tena.
Hakuwahi kuwa na kitu kizuri kama kile.

Kisha akasema, "Shangazi, Mzee anakaa wapi?"

Wakamuulizia getini, wakaelekezwa. Mzee Shekimweri alikuwa amekaa mlangoni kwake. Ovaroli imekunjwa juu ya magoti yake. Hakuwa na mahali pa kwenda.

"Hodi, babu."
"Karibu, mjukuu wangu."

Semeni akampa picha kwa mikono miwili.
Mzee akaitazama. Chozi likashuka mpaka kwenye ndevu.

Halafu akacheka! Akacheka mpaka majirani wakachungulia.
"Ndicho! Ndicho kabisa! Na mimi nimo!"

Akasogea, akampa Semeni nafasi mlangoni.
"Kaa hapa. Unaona dirisha hili pichani? Hapa ndipo nilipokuwa nakaa. Na hapa chini kulikuwa na panya mmoja, alikuwa anapanda kila siku bila tiketi..."

Semeni akacheka. Shangazi akacheka. Mzee akaendelea kusimulia mpaka jua likazama.

Mama alipokuja, alimkuta Semeni anasinzia. Akambeba mgongoni.

"Mama," alisema Semeni, amefumba macho.
"Naam, mwanangu."
"Yule panya, siku moja alikula chakula chote cha Mzee."
"Kisha?"
"Kisha... Mzee ataniambia kesho."

Na Semeni akalala.