Sauti Kutoka Jikoni

Mimi ndiye yule aliyekalia kitufe cha kusemea cha redio ya garini, akamsengenya mama mkwe hewani dakika ishirini nzima, wapenzi wenzake wa redio za mawasiliano wakimsikiliza hadi mji wa pili. Wote walinicheka, isipokuwa rafiki yangu fundi wa kuchomelea, ambaye tangu mwezi uliopita analala karakanani kwake.

Aliniambia kwamba mchana mmoja alikwenda kununua betri, akaegesha gari katika maegesho ya chini ya ardhi, taa za humo zimekufa, giza totoro, hata simu haishiki. Redio ikaanza kumletea jiko la nyumbani kwake. Kijiko kiligonga sufuria, mkewe akacheka. Akajua kitufe cha kusemea cha redio yao ya nyumbani kimenasa. Kisha mwanamume akakohoa, akasema, "Mama watoto, hii chumvi umeitia au umeimwaga?"

Utani ule ulikuwa wake. Kikohozi pia kilikuwa chake.

Sauti zilipokatika, akabonyeza kitufe chake. "Mke wangu, ni mimi. Uko na nani hapo?"

Redio ikakwaruza gizani, mkewe akajibu.

"Niko na mume wangu, tunakula. Wewe unayeigiza sauti yake, toka hewani."