Kurasa Alizoruka Redio

Kila Ijumaa, kipindi cha mwisho, wanafunzi wa darasa la sita walisogeza madawati ukutani na kuketi mduara sakafuni. Kilikuwa kipindi cha maoni ya vitabu, na sheria yake ilikuwa moja tu: huazimi kitabu kipya kabla hujasimama na kueleza ulichosoma. Ukishaeleza, aliyevutiwa ananyoosha mkono, nawe unamkabidhi kitabu hapo hapo. Wengine walisema kitabu ni kizuri kisha wakakaa haraka. Mwalimu wa maktaba alipowauliza ni kizuri kwa nini, waliitazama dari kana kwamba jibu limeandikwa huko.

Redio hakuwa na shida hiyo. Jina hilo alipewa na wenzake kwa sababu alianza kuongea asubuhi, na hakuna aliyewahi kukiona kitufe cha kumzima. Ijumaa ile alikuwa anakimezea mate kitabu kipya cha wapelelezi, na alijua asipotoa maoni leo mwingine atamuwahi. Kitabu alichokuwa nacho kilihusu mtoto mmoja na mbuzi wake anayekula nguo za majirani zilizoanikwa kambani. Alikuwa amesoma mwanzo tu. Kurasa zilizobaki alizipekua wakati wa mapumziko, akaangalia picha mbili tatu, akafunga.

"Utacheka mpaka mbavu zikuume," aliwaambia, huku akiigiza mbuzi anavyotafuna suruali ya mwalimu mkuu. Darasa likaangua kicheko. "Mwanzo hadi mwisho ni vituko. Hata uwe na huzuni gani, kisome, itakwisha."

Wa kwanza kunyoosha mkono alikuwa Kidoti, rafiki yake wa dawati moja. Mama yake Kidoti alikuwa amefariki miezi michache iliyopita. Baba yao alikuwa dereva wa lori, hukaa safarini zaidi kuliko nyumbani, kwa hiyo Kidoti na mdogo wake walilelewa na mama yao mdogo, dobi aliyefua na kupiga pasi nguo za watu pale pale nyumbani.

"Nitamsomea Bosi," Kidoti alimnong'oneza Redio. Bosi ndiye huyo mdogo wake, mtoto wa miaka mitano ambaye zamani aliwaamrisha hata watu wazima. Tangu mazishi ya mama alikuwa hali mpaka abembelezwe.

Jumatatu Kidoti hakuja shule. Jumanne alikuja, akahamia dawati la nyuma. Wakati wa mapumziko Redio alimfuata.

"Kulikoni?"

"Kile kitabu ulikisoma?"

"Nilikisoma."

"Mpaka mwisho?"

Redio akaanza kurudia kituko cha suruali, Kidoti akamkatiza.

"Mama wa yule mtoto anakufa," Kidoti akasema. "Katikati. Anaugua, anapelekwa hospitali, anakufa. Nilikuwa namsomea Bosi kwa sauti, anacheka, ameanza hata kula. Nikafunua ukurasa nikasoma kabla sijajua ninachosoma. Toka siku ile ni maji tu. Daktari wa zahanati amesema asipokula atalazwa hospitali, na ukimtajia hospitali anajificha chini ya kitanda, maana mama alikwenda huko hakurudi."

Redio alirudi darasani. Alitafuta la kujitetea: labda kurasa zilishikana, labda alisahau. Kila alipopata uongo mmoja alimwona Bosi wodini, akauacha. Hesabu za siku hiyo hazikumwingia kichwani hata moja. Kengele ya kwenda nyumbani ilipolia, alimfuata Kidoti nyuma nyuma mpaka kwao.

Mama mdogo alikuwa amesimama mezani, ananyunyizia maji kola ya shati kabla ya kupitisha pasi. Bosi alikuwa amejilaza juu ya rundo la mashuka, midomo imemkauka, bakuli la chakula limepoa pembeni yake. Redio alisahau hata kusalimia. Alipiga magoti, akatafuna ukingo wa shuka, akalia kama mbuzi. Bosi akageukia ukuta.

"Mwache," Kidoti akasema. "Umetuchekesha vya kutosha."

Hapo Redio akalia kilio cha mtu aliyeishiwa mbinu. "Mama mdogo, nilidanganya. Sikukisoma. Nilitaka kuazima kingine, nikasema kinachekesha chote, na mwisho wake siujui. Naomba unisamehe. Nifanye nini ale?"

Mama mdogo aliiweka pasi wima. Aliyejibu alikuwa Bosi, bila kugeuka.

"Yule mtoto sasa anapikiwa na nani?"

Wakatazamana. Kidoti alikuwa amekifunga kitabu pale pale mama alipofariki. Hakuna aliyejua.

"Kilete," mama mdogo akamwambia Kidoti, kisha akamgeukia Redio. "Wewe kaa hapo usome kimya kimya, mpaka jalada la nyuma. Usimsomee mtoto hata neno moja kabla hujamaliza. Sitaki aumie mara ya pili."

Redio akasoma. Hakuruka hata mstari. Kila alipofunua ukurasa aliogopa kukutana na msiba mwingine, na alipofika kwenye mazishi machozi yalidondokea karatasi. Mama mdogo alimaliza mashati, akaanza kupiga pasi suruali. Bosi alikuwa amegeuka, anamtazama Redio usoni.

"Enhe," mama mdogo akasema Redio alipofunga kitabu. "Tupe maoni yako."

"Kinasikitisha," Redio akasema taratibu. Hakuigiza chochote. "Katikati kinasikitisha sana, mimi nimelia. Baada ya msiba nyumba yao inakaa kimya siku nyingi. Halafu baba anaanza kupika, na hajui. Anaunguza mayai mpaka yanakuwa meusi, mbuzi peke yake ndiye anayeyala. Hapo nimecheka. Mwishoni mtoto anamwonyesha baba jinsi mama alivyokuwa akifanya, na wanakula."

"Mama anarudi?" Bosi akauliza.

Redio alitamani kwa moyo wake wote kusema ndiyo. "Harudi," akasema. "Nimefika ukurasa wa mwisho. Harudi."

Kidoti akaziba mdomo kwa kiganja. Bosi akalia kwa sauti kubwa, kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Mama mdogo akamnyanyua, akamkumbatia, akamwacha alie mpaka kwikwi zikaisha.

"Soma palipo na mayai," Bosi akasema.

Redio akasoma, Kidoti akasogea na kumshikia ukurasa. Mtoto hakucheka. Alisikiliza mpaka baba wa kitabuni alipoketi kula na mwanawe, kisha akasema, "Na mimi nataka yai. Lisiungue."

Mama mdogo alimkaangia. Bosi akala nusu, akapumzika, akala nusu iliyobaki.

"Mwanangu," mama mdogo akamwambia Redio, "ukimwambia mtu soma hiki, umemshika mkono unamwingiza ndani ya nyumba. Anakuamini, anaingia bila kuangalia. Nyumba yenye huzuni si mbaya, hata sisi tunaishi humo. Ubaya ni kumwambia kuna sherehe, na wewe mwenyewe uliishia mlangoni."

"Ijumaa nitasimama niseme ukweli mbele ya darasa zima."

"Utasema, na haitakushinda," mama mdogo akamjibu. "Kumwambia huyu mtoto kwamba mama harudi ndiko kulikuwa kugumu. Mimi mwenyewe nilikuwa sijaweza."