Ufa Nyuma ya Kabati

Mwalimu wa chekechea alifundisha watoto arobaini katika darasa lililojengwa na mfadhili, mama mmoja tajiri wa mbali. Kila mwezi mfadhili aliandika kuuliza hali. Kila mwezi Mwalimu alijibu: "Jengo ni zuri. Tunashukuru."

Asubuhi moja, akifagia, alisogeza kabati. Ukutani palikuwa na ufa. Aliingiza kidole, kikazama chote.

Alimweleza mumewe, fundi viatu.

"Usiandike hayo, mke wangu. Ametuahidi vyoo. Atasema hatuna shukrani."

Mwalimu akarudisha kabati. Lakini watoto walipoimba na kukanyaga sakafu, vumbi lilichuruzika ukutani. Binti yake alikaa karibu na ukuta ule.

Siku ya tatu alimwita jirani yake, mwashi.

"Tuuzibe kwa lipu, kaka?"

"Lipu itauficha tu, Mwalimu. Huenda msingi unazama." Akachora mstari wa penseli mwisho wa ufa, akaandika tarehe. "Kesho tutaona kama unatembea."

Kesho yake ufa ulikuwa umevuka mstari.

"Watoe watoto sasa hivi," mwashi alisema. "Kisha andika barua. Sema umeona nini, lini, umefanya nini na unaomba nini. Usipambe."

"Na akikasirika?"

"Akikasirika, utamwandikia tena. Mtoto akifukiwa, utamwandikia nani?"

Mwalimu aliwatoa watoto, kisha akaandika barua. Mumewe alikwenda kufunga turubai uwanjani ili watoto wapate kivuli.

Siku ya sita mvua ilinyesha. Ukuta ukaanguka kwa kishindo, ukaponda viti vitupu. Fundi viatu alifika mbio. Alipoona kiti cha binti yake, akaketi chini kwenye matope.

Jibu la mfadhili lilikuja wiki chache baadaye: "Barua zako nyingine zilinifurahisha. Hii imeniokoa. Kosa ni langu pia, sikutuma mtu akague msingi. Mkaguzi yuko njiani."

Darasa jipya lilijengwa, na msingi ukakaguliwa kabla ya ukuta kuinuliwa. Sasa kila mwezi Mwalimu na wazazi wawili hulizunguka jengo kabla ya kuandika. Barua ya kwanza ilisema: "Mlango unakwama. Dirisha moja halifungi."

Mumewe aliisoma, akacheka. "Wewe huna dogo!"

Kisha akaikunja na kuipeleka posta mwenyewe.