Glavu za Msusi

Kila alasiri akitoka shule, Sindano, aliyeitwa hivyo kwa wembamba wake, alifagia saluni ya mama yake na kumchambulia rasta. Mama alikuwa msusi hodari. Kabla ya kumshika mteja kichwa, alimwomba Mungu kimoyomoyo aibariki mikono yake.

Mikono hiyo sasa ilikuwa na mabaka meupe. Muuza vipodozi wa duka la pili, mwanamke asiyejua lolote ila kusema, aliwatangazia wateja, "Mtaambukizwa, shauri yenu!" Nao, watu wazima na akili zao, wakamwamini. Viti vikabaki vitupu.

"Mama, vaa glavu watu wasione," Sindano alisihi kwa aibu.

Mama akavaa. Lakini rasta huteleza kwenye mpira, na msuko haukazi. Kesho yake mteja pekee aliyesalia, daktari wa ngozi, akarudi nywele zimefumuka.

"Msusi wangu, jana ulinisuka au ulinipapasa? Na glavu za nini?"

Sindano akaeleza yote. Muuza vipodozi alikuwa mlangoni, kazi yake ile ile ya kusikiliza ya watu.

"Huu ni vitiligo," daktari alisema. "Kinga ya mwili hushambulia chembe zinazotengeneza rangi ya ngozi. Hauambukizi, si kwa kushikana wala kwa kitana. Upo dunia nzima, kwa wanaume na wanawake. Katika watu mia, huenda ukampata mmoja."

"Na mimi nitaurithi?" Sindano aliuliza.

"Vinasaba vingi huchangia, mwanangu, si kimoja. Uwezekano wako umezidi kidogo wa wengine, lakini watoto wengi wa wenye mabaka hawayapati kamwe."

"Ya vitabuni hayo!" muuza vipodozi akabeua.

Daktari akautazama uso wake uliochubuliwa na krimu, kisha vifundo vya vidole vilivyobaki vyeusi. "Wewe unalipa ili rangi ikutoke. Mwenzako imemtoka bure, unamcheka?"

Wateja wawili wa muuza vipodozi, waliosimama nyuma yake mlangoni, wakaangua kicheko. Jioni hiyo hiyo mmoja wao alikuja kusukwa, mkavu wa macho, kana kwamba hakuwahi kukimbia.

Mama alivua glavu, akazitupa kwenye ndoo ya taka.

"Mwanangu, ukificha kisicho kosa, unamsaidia mwongo. Mungu hakunipa mikono hii niionee haya. Haya, nichambulie rasta."